Kuzuru Kisiwa cha Mafia: Mandhari, Urithi na Jamii za Wenyeji

Malengo ya somo

Baada ya kupitia somo hili, mwanafunzi utaweza:

(a) kueleza mahali kilipo Kisiwa cha Mafia na namna ardhi yake ilivyoumbika;
(b) kutaja matukio makuu ya historia ya Mafia na kuyahusisha na magofu yanayoonekana leo;
(c) kueleza jamii za wenyeji na shughuli zao za kiuchumi;
(d) kujadili mvutano kati ya uhifadhi wa bahari na riziki ya wavuvi;
(e) kujibu swali la insha kuhusu utalii kwa hoja na mifano, si kwa orodha.

1. Utangulizi

Swali la utalii huwavutia watahiniwa wengi kwa sababu linaonekana jepesi. Mtahiniwa anaandika: "Mafia kuna fukwe, samaki, magofu na popo." Kisha anaongeza: "Utalii huleta fedha za kigeni." Majibu hayo si ya uongo, lakini hayajajibu swali linaloanza na neno *jadili* au *fafanua*. Orodha ya vivutio ni mwanzo wa jibu tu.

Ili ujibu vizuri, shika wazo moja tangu sasa: Mafia mandhari na riziki havitenganishiki. Mwamba wa matumbawe anaoupiga picha mgeni ndiko anakovua mwenyeji. Mashua inayopendeza machoni ndiyo inayobeba maji ya kunywa. Kwa hiyo kila unapotaja kivutio, jiulize maswali matatu: Nani anakitegemea? Nani anakitunza? Nani anafaidika nacho? Ukiyajibu hayo, insha yako itakuwa na mwili.

2. Mahali na umbo la ardhi

Mafia ni wilaya ya Mkoa wa Pwani, Tanzania. Iko katika Bahari ya Hindi, kusini mwa Dar es Salaam, mkabala na delta ya Mto Rufiji. Makao makuu ya wilaya ni Kilindoni, upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 46,438 katika wilaya hii, na ile ya mwaka 2022 ilihesabu zaidi ya 66,000. Ongezeko hilo kumbuka, kwa maana watu wanaoongezeka wanatazama bahari ileile.

Mafia si kisiwa kimoja bali ni funguvisiwa. Visiwa vinavyokaliwa na watu ni Mafia yenyewe, Juani, Chole, Jibondo na Bwejuu. Vipo pia visiwa vidogo kama Nyororo, Mbarakuni na Shungimbili.

*Uwanda wa matumbawe.* Mwanafunzi anaposikia neno uwanda, huwaza nyanda za juu kama Kitulo, mkoani Njombe, ambako hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 2005 hulinda maua ya porini kwenye ardhi yenye mwinuko mkubwa. Mafia haina mwinuko wa namna hiyo. Hata hivyo, sehemu kubwa ya upande wa mashariki, pamoja na Juani na Jibondo, ni uwanda mdogo wa aina yake: miamba ya matumbawe iliyokuwa chini ya bahari zamani, ambayo sasa iko juu ya maji. Mwamba huo ni wa chokaa, una matundu mengi na makali, na kingo zake zimemomonyolewa na mawimbi.

Matokeo ya umbo hilo kwa maisha ya watu ni makubwa:

- Maji ya mvua hupenya upesi kwenye matundu ya mwamba, hivyo mito na madimbwi ya kudumu ni haba kwenye visiwa vya mwamba.
- Udongo ni mchache, umekaa kwenye mifuko kati ya mawe. Mkulima hupanda penye udongo, si penye nafasi.
- Upande wa magharibi wa kisiwa kikubwa una mchanga na udongo zaidi, na minazi inastawi vizuri huko.

Mfano mzuri wa kutumia kwenye mtihani ni Jibondo. Kisiwa hiki ni mwamba karibu mtupu. Kwa vizazi vingi wakazi wake wamekinga maji ya mvua na kufuata maji mengine kwa mashua, na wamekwenda kulima mashamba yao Juani. Jamii ya namna hii haiwezi kuishi bila chombo cha baharini. Ndiyo maana watu wa Jibondo wanajulikana kwa ujenzi wa vyombo na kwa ujuzi wa bahari. Hapo umeona jinsi umbo la ardhi linavyozaa ufundi.

3. Historia kwa ufupi

Magofu ya Mafia hayaeleweki bila historia. Soma matukio haya kwa mpangilio wa wakati.

*Miji ya kale.* Tarihi ya Kilwa, ambayo ni kumbukumbu ya masultani wa Kilwa, inaitaja Mafia tangu habari za mwanzo za ukoo wao. Miji miwili ilijulikana zaidi: Kisimani, kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa kikubwa, na Kua, katika kisiwa cha Juani. Sehemu kubwa ya Kisimani imeliwa na bahari. Kua bado ina magofu ya misikiti, makaburi na jengo kubwa linaloitwa kasri.

*Simulizi ya Kua na Kisimani.* Wazee husimulia kwamba watu wa Kisimani waliunda jahazi, wakawaalika watu wa Kua kwenye karamu ya kulishusha majini, kisha wakawalaza watoto wa wageni wao njiani na kulipitisha jahazi juu yao. Watu wa Kua walinyamaza miaka saba. Baadaye wakawaalika watu wa Kisimani harusini, katika chumba cha chini ya ardhi, wenyeji wakatoka mmoja mmoja, na mlango ukazibwa. Angalia: haya ni mapokeo simulizi. Katika insha andika "inasimuliwa kwamba", wala usiandike kana kwamba ni tukio lililothibitishwa. Umuhimu wake ni kuonyesha kuwa wenyeji walikumbuka uhasama wa miji hiyo, na kwamba walitumia hadithi kufundisha hatari ya kisasi.

*Kuanguka kwa Kua.* Katika miaka ya 1820, Wasakalava kutoka Madagaska walivuka bahari wakaushambulia mji wa Kua na kuchukua mateka. Mji haukuinuka tena.

*Enzi ya Chole.* Baada ya Kua, mji mkuu ukawa Chole, chini ya himaya ya Sultani wa Zanzibar. Wenye mali waliishi Chole Mjini na kumiliki mashamba ya minazi kwenye kisiwa kikubwa, ambacho kiliitwa Chole Shamba. Kazi ya mashamba hayo ilifanywa na watumwa. Usiliruke jambo hili. Mgeni anayesifu minazi iliyopangwa kwa safu anatazama pia kazi ya watu waliofanyishwa kazi bila hiari. Utumwa ulipigwa marufuku kisheria Tanganyika mwaka 1922, na vizazi vya waliokuwa watumwa ni sehemu ya watu wa Mafia leo.

*Ukoloni.* Kwa makubaliano ya Uingereza na Ujerumani ya mwaka 1890, Mafia iliwekwa chini ya Ujerumani pamoja na pwani ya bara. Wajerumani walianza kutawala kutoka Chole, na magofu ya boma lao yapo hadi sasa. Mwaka 1913 makao yalihamishiwa Kilindoni. Januari 1915, katika Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walikiteka kisiwa. Ndege zilizoruka kutoka Mafia zilisaidia kuelekeza mizinga dhidi ya manowari ya Kijerumani Königsberg, iliyokuwa imejificha kwenye delta ya Rufiji, na ikaangamizwa Julai 1915.

Kumbuka: Makao makuu yalihama mara kwa mara kwa sababu zinazoeleweka: Kua ilivamiwa, kisha Chole ikaachwa kwa ajili ya Kilindoni. Swali la "eleza sababu" linataka mfuatano wa namna hiyo.

4. Jamii za wenyeji

Baadhi ya vitabu vya wageni huandika "kabila la asili la Mafia" kana kwamba kuna kundi moja lililokaa pale bila kubadilika. Jibu la namna hiyo ni dhaifu. Bahari huleta watu, na Mafia imepokea watu kutoka pande nyingi.

Wambwera huhesabiwa miongoni mwa wenyeji wa zamani, hasa upande wa kaskazini. Wapo pia wanaojiita Wapokomo, na Wagunya ambao asili yao ni visiwa vya Lamu na pwani ya kaskazini. Wapo wenye nasaba ya Kiarabu, na masharifu wanaohesabu ukoo wao hadi kwa Mtume. Kutoka bara wamekuja Wandengereko, Warufiji, Wamakonde na wengineo. Wengi ni Waislamu, na Kiswahili ni lugha ya wote.

Mwanaanthropolojia Pat Caplan, aliyeanza utafiti kaskazini mwa Mafia katika miaka ya 1960, alieleza jambo muhimu kuhusu ukoo. Mtu wa huko anaweza kuhesabu ukoo kwa upande wa baba na wa mama pia, kwa hiyo anaweza kuwa na haki katika zaidi ya ukoo mmoja. Ardhi ya pori, ambako hulimwa mpunga kwa kuhamahama, ilikuwa ya ukoo. Lakini minazi ilimilikiwa na mtu binafsi. Kwa hiyo ardhi ingeweza kuwa ya kundi na mnazi uliosimama juu yake ukawa wa mtu mmoja.

Jambo hili lina maana kwa utalii. Mgeni akiona pori lisilo na nyumba wala uzio, hudhani halina mwenyewe. Wenyeji wanajua ni la nani. Mgogoro wa ardhi huanza pale ambapo mwekezaji au ofisa anapoliita eneo hilo "wazi".

5. Shughuli za kiuchumi

*Uvuvi.* Wavuvi hutumia mitumbwi, ngalawa, mashua na majahazi. Zana zao ni mishipi, nyavu na madema. Kazi yao hufuata bahari: wakati wa bamvua maji hupwa mbali, na wanawake hutoka kwenye miamba kutafuta pweza na chaza, wakati wa maji mafu wavuvi wa nyavu hupanga kazi tofauti. Upepo wa kusi na wa kaskazi ndio unaoamua chombo kipi kitoke na kiende wapi.

*Minazi.* Mnazi haupotezi kitu. Nazi huuzwa, huliwa au hukaushwa kuwa mbata. Makumbi hufukiwa kwenye tope la pwani hadi yalainike, kisha hupigwa na kusokotwa kamba za usumba. Makuti huezeka nyumba. Kazi ya makumbi hufanywa zaidi na wanawake.

*Kilimo kingine.* Mihogo, mpunga, mikorosho na miembe.

*Ufundi.* Ujenzi wa mashua na majahazi hufanyika Chole na Jibondo. Fundi hatumii ramani ya karatasi. Vipimo viko kichwani na mikononi. Wanawake hushona mikeka ya ukili.

*Kilimo cha mwani.* Wanawake hufunga mbegu za mwani kwenye kamba na kuzinyoosha kwenye maji ya kina kifupi. Mwani hukaushwa na kuuzwa nje ya nchi. Kazi hii imewapa wanawake fedha za mkononi, ingawa bei hupangwa na wanunuzi.

6. Vivutio na watu wanaovitunza

Soma sehemu hii kwa kutumia maswali matatu uliyopewa kwenye utangulizi.

(i) *Papa potwe.* Huyu ndiye samaki mkubwa kuliko wote duniani. Hali watu; hula viumbe vidogo mno vya baharini na samaki wadogo. Huonekana karibu na Kilindoni hasa kati ya Oktoba na Machi. Wavuvi wa dagaa na potwe hufuata chakula kilekile, kwa hiyo hukutana majini. Potwe akinaswa wavuni, mvuvi ana hiari mbili: kumwumiza ili aokoe wavu, au kumtoa taratibu na kupoteza muda na pengine sehemu ya wavu. Kila mgeni anayemwona potwe mzima ana deni kwa mvuvi aliyechagua hiari ya pili.

(ii) *Kasa.* Kasa hutaga kwenye fukwe za mashariki za Juani. Mayai hukaa mchangani miezi miwili hivi kabla ya kuanguliwa. Zamani mayai na nyama vilikuwa chakula. Shirika la Sea Sense limefanya kazi na wanavijiji wanaotafuta viota, kuvilinda na kutoa taarifa, na wageni hulipia kuja kutazama watoto wa kasa wakielekea majini. Sehemu ya malipo hurudi kijijini. Hapa uhifadhi umepata nguvu kwa sababu kiota kizima kina thamani kwa kijiji.

(iii) *Popo wa Chole.* Hawa ni popo wakubwa wala matunda. Mchana huning'inia kwenye miti mikubwa, jioni huruka kwenda kutafuta chakula. Husambaza mbegu na kuchavusha maua. Wanakijiji wameiacha miti hiyo isikatwe.

(iv) *Magofu ya Kua na Chole.* Adui wake ni mizizi, mvua na watu wanaong'oa mawe ya kujengea. Magofu yasiyo na msimulizi ni mawe tu. Thamani yake iko kwa mwenyeji anayejua historia.

(v) *Miamba ya matumbawe.* Iko hasa katika Ghuba ya Chole na maeneo ya kusini. Mwaka 1998 joto la bahari lililoambatana na El Niño lilisababisha matumbawe mengi kupauka na kufa. Mfano huu unaonyesha kwamba si kila madhara yanatoka kwa mvuvi wa kijijini. Mengine yanatokana na mabadiliko ya tabianchi ya dunia nzima.

7. Hifadhi ya bahari: mvutano wa riziki na uhifadhi

Hii ndiyo sehemu yenye hoja nyingi. Isome mara mbili.

*Chanzo.* Kuelekea miaka ya 1990, uvuvi wa baruti ulikuwa umeenea. Baruti huua samaki wakubwa na wadogo kwa pamoja na kuvunja matumbawe ambayo huchukua miaka mingi kukua tena. Wengi wa waliotupa baruti hawakuwa wakazi wa vijiji vya ghuba, na wakazi walitaka wakomeshwe.

*Sheria.* Bunge lilipitisha Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu, Na. 29 ya mwaka 1994. Mwaka 1995 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 822. Ofisi zake ziko Utende. Vijiji havikuhamishwa, viko ndani ya hifadhi.

*Kanda.* Hifadhi imegawanywa katika kanda tatu. Kanda ya msingi haivuliwi. Kanda ya matumizi maalumu ina masharti makali kuhusu zana na wanaoruhusiwa kuvua. Kanda ya matumizi ya jumla ina nafasi pana zaidi, lakini baruti na zana haribifu zimekatazwa kote.

*Mvutano.* Mwanaanthropolojia Christine Walley, aliyeishi Chole na kuandika kitabu kuhusu hifadhi hii mwaka 2004, alionyesha kwamba wakazi wengi waliunga mkono hifadhi mwanzoni kwa sababu walitarajia ingewazuia watu wa baruti na kuwapa wao sauti. Baadaye baadhi walihisi kwamba masharti yamewabana wao wenyewe. Jibondo, kisiwa kisicho na udongo wa kutosha, kilipinga zaidi. Sababu yake unaijua tayari: mkulima wa Kirongwe akikatazwa kuvua ana shamba la kurudia, mvuvi wa Jibondo hana.

Pima hoja za pande zote mbili:

*Hoja za kuunga mkono hifadhi*
- Samaki wakipata mahali pa kuzaliana, huongezeka na kutoka hadi maeneo yanayovuliwa.
- Uvuvi wa baruti hudhibitiwa kwa nguvu ya sheria.
- Ada za wageni huweza kuchangia huduma za vijiji.
- Vijana hupata kazi za kuongoza wageni, kuendesha boti na kuhudumu hotelini.

*Hoja za kuonyesha hasara*
- Mvuvi hupoteza eneo lake leo, ilhali faida ya samaki kuongezeka huja baada ya miaka.
- Ajira za hoteli ni chache kuliko idadi ya wavuvi, na mara nyingi huhitaji elimu au lugha ya kigeni.
- Wanawake wanaookota pweza hawamo kwenye mipango mingi inayomlenga mvuvi mwenye chombo.
- Maamuzi yakifanywa bila kijiji, sheria huonekana ni ya mgeni.

*Hitimisho la hoja.* Usiseme "hifadhi ni nzuri" au "hifadhi ni mbaya". Sema ni kwa masharti gani hifadhi hufaulu: wakazi wakishirikishwa katika kuamua, wakipata zana mbadala kabla ya kunyang'anywa za zamani, na wakiona kwa macho yao fedha za wageni zimefanya nini kijijini.

8. Adabu za kuzuru

Darasa lako linaweza kupanga ziara ya kimasomo. Wasafiri wa majini huvuka kutoka Nyamisati, wilayani Kibiti, hadi Kilindoni. Wengine huenda kwa ndege kutoka Dar es Salaam. Mkifika, zingatieni haya:

1. Pitieni kwanza ofisi ya serikali ya kijiji. Mwenyekiti au mtendaji ajue mmekuja kufanya nini, nanyi mtie saini kitabu cha wageni.
2. Salimieni kabla ya kuuliza. Kwa mzee ni "Shikamoo", na mngoje aitikie "Marahaba". Mlangoni pigeni hodi. Msipojibiwa mara ya tatu, ondokeni.
3. Vaeni mavazi ya heshima kijijini. Msiingie msikitini wala kwenye makaburi bila kuongozwa na mwenyeji.
4. Ombeni ruhusa kabla ya kupiga picha. Mama anayeokota pweza yuko kazini.
5. Lipeni anayewaongoza, na nunueni ukili au kamba kwa bei anayoitaja mwenye kazi. Kupunguziwa kidogo ni desturi ya soko. Kumkandamiza mshonaji si desturi.
6. Msimguse potwe, kasa wala matumbawe. Msichukue jiwe wala kigae kwenye magofu.
7. Mkimaliza kuandika ripoti yenu, pelekeni nakala kijijini. Watu waliotoa maelezo wana haki ya kuona mlichoandika juu yao.

9. Swali la mfano

*"Utalii una faida kuliko hasara kwa jamii za visiwani." Jadili kauli hii kwa kutumia mfano wa Kisiwa cha Mafia.*

Jibu dhaifu (sehemu): "Utalii una faida nyingi. Huleta fedha za kigeni. Huleta ajira. Mafia kuna papa potwe, popo na magofu. Pia utalii una hasara kama kuharibu mila."

*Kasoro:* Hoja zimetajwa bila kuelezwa. Vivutio havijahusishwa na watu. "Kuharibu mila" haina mfano. Msimamo haupo.

Jibu zuri (sehemu): "Kauli hii ni ya kweli pale tu ambapo faida inamfikia anayebeba gharama. Katika kisiwa cha Juani, wanavijiji hulinda viota vya kasa na sehemu ya malipo ya wageni hurudi kijijini. Hapa anayeacha kula mayai ndiye anayefaidika, kwa hiyo utalii umewanufaisha. Hali ni tofauti Jibondo. Kisiwa hiki ni mwamba usio na udongo wa kutosha, na watu wake hutegemea bahari. Masharti ya Hifadhi ya Bahari iliyoanzishwa mwaka 1995 yaliwagusa zaidi kuliko vijiji vyenye mashamba, na ndiyo sababu walipinga. Mgeni anafurahia mwamba wenye samaki wengi, lakini aliyelipa gharama ya mwamba huo ni mvuvi aliyeambiwa asivue. Kwa hiyo, utalii hauna faida wala hasara kwa asili yake. Hutegemea namna mapato na maamuzi yanavyogawanywa."

*Ubora:* Kuna msimamo, kuna mifano miwili inayopingana, kuna mwaka na mahali, na hitimisho linatokana na mifano hiyo.

10. Makosa ya kuepuka

- Kuandika kwamba Mafia ni sehemu ya Zanzibar. Ilikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar zamani. Leo ni wilaya ya Mkoa wa Pwani.
- Kulihusisha jina la kisiwa na genge la wahalifu wa Italia. Hayahusiani, Wareno waliandika jina la kisiwa hiki karne nyingi zilizopita.
- Kuchanganya Kua na Kilwa, au Chole na Kilindoni.
- Kuwaelezea wenyeji kama sehemu ya vivutio: "Mafia kuna kasa, popo na Wambwera." Watu ni wenye kisiwa, hawapangwi kwenye orodha ya wanyama.

11. Muhtasari

Mafia ni funguvisiwa lenye uwanda wa chokaa ya matumbawe. Umbo hilo limeamua penye maji, penye mashamba na penye wajenzi wa vyombo. Historia yake imepitia Kua, Chole na Kilindoni, pamoja na biashara, utumwa na ukoloni. Wenyeji wake wametoka pande nyingi. Vivutio vyake vipo kwa sababu kuna watu wanaovitunza, mara nyingi kwa kujinyima. Utalii wa haki ni ule unaowarudishia watu hao walichojinyima.

12. Zoezi

1. Eleza jinsi umbo la ardhi la Jibondo lilivyoathiri shughuli za wakazi wake. (Hoja tatu)
2. Tofautisha Chole Mjini na Chole Shamba, kisha eleza tofauti hiyo inatufundisha nini kuhusu utumwa.
3. Simulizi ya Kua na Kisimani ni chanzo cha aina gani cha historia? Taja faida mbili na upungufu mmoja wa chanzo hicho.
4. "Pori lisilo na nyumba halina mwenyewe." Pinga kauli hii kwa kutumia mfano wa kaskazini mwa Mafia.
5. Umechaguliwa kuwa katibu wa kikao cha kijiji kinachojadili eneo jipya la kutovua. Andika kumbukumbu za kikao hicho, ukionyesha hoja za mvuvi wa nyavu, mama anayeokota pweza, mwongoza wageni na ofisa wa hifadhi, pamoja na azimio lililofikiwa.

*Mwongozo wa swali la 5:* Zingatia muundo wa kumbukumbu: kichwa, waliohudhuria, wasiohudhuria, ajenda, mjadala wa kila ajenda, maazimio, kufunga kikao na nafasi ya saini. Kila msemaji apewe hoja anayoweza kuitetea. Azimio lako litaje muda wa kufunga eneo, watakaolinda, na mahali mvuvi atakapovua wakati eneo limefungwa. Azimio lisilojibu hilo la mwisho halijamaliza kikao.